Vikapu vya Halua Alivyoviacha Mama

Halua ya baba yangu ilikuwa haina mfano Pemba nzima, na nasema hivi bila ya kutia chumvi, maana halua haitiwi chumvi. Akishateremsha sufuria yake ya shaba pale uani kwetu, nje kidogo ya Chake Chake, watu wa Kengeja huko kusini walimeza mate bila ya kujua sababu. Paka waliacha samaki. Hata hivyo, ukweli wa biashara ni kwamba wanunuzi wengi hawakuijua halua ya baba kwa ladha. Waliijua kwa kikapu.

Vikapu vilikuwa kazi ya mama. Alisuka ukili mwembamba wa ukindu, akaushona ukawa kijikapu cha kuenea kwenye viganja viwili, na kifuniko chake juu. Mdomoni na kwenye kifuniko alipitisha ukindu wa rangi, mwekundu na wa zambarau, na ukiziona rangi zile mkononi mwa mtu njiani ulijua katoka kwetu. Ndani alitandika jani la mgomba lililobabuliwa motoni, kisha baba akamimina halua ingali moto. Ukindu unapumua. Halua ikipoa humo haitoi jasho wala haifanyi ukungu, na ingeweza kwenda Unguja ikarudi na adabu zake zote.

Mama alifariki mwishoni mwa miaka ya hamsini, kwa homa fupi. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwishahitimu skuli ya usiku, kijana mwenye kalamu mfukoni na ulimi ambao majirani walisema ungewauzia samaki maji. Nilitarajia kulia. Sikulia. Nilichimba kaburi na wenzangu, nikapokea mikono ya watu, nikagawa kahawa matangani, hata nikawachekesha wazee wawili watatu. Kifua changu kilikuwa kama mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi: unaugusa, unajua ni wako, lakini habari haifiki.

Aliacha vikapu. Vilikuwa vimetungwa kwenye kamba, vinaning'inia kwenye boriti ya ukumbi, vitupu na vipya, mfano wa mkungu wa ndizi. Na baba alikuwa amekwishakubali kupika halua ya harusi moja ya Wawi, kabla hatujazika.

Sasa, sahani ya chakula ikienda kwa jirani hurudi, tena ni aibu kurudi tupu. Kikapu cha halua hakirudi. Watu hula mpaka kwenye jani, kisha hukitupa jaani. Kwa hivyo vikapu vile vikienda Wawi ndiyo vimekwenda, na mkono uliovisuka haupo tena. Mimi ndiye niliyeamua kwamba haviendi.

"Nitatafuta chombo chengine," nilimwambia.

"Tafuta," alisema, akaendelea kuchambua iliki.

Nikaanza na gazeti, kwa kuwa msomi hukimbilia kwenye karatasi. Nilifunga donge la halua, nikaliacha lipoe. Nilipofungua, wino wote ulikuwa umehamia kwenye samli, na habari za meli ya mizigo zikasomeka juu ya halua, kinyumenyume. Nadhani ndiyo halua ya kwanza duniani kusomwa kabla ya kuliwa. Kisha nikajaribu makopo ya maziwa. Niliyasugua kwa mchanga na majivu mpaka yakang'aa kama meno ya tajiri, lakini halua ya moto ilifufua harufu zote za zamani za kopo, na kesho yake ukingo ulikuwa na kutu. Karatasi ya mafuta kutoka dukani ilinata. Ungelazimika kuila pamoja na halua, na kwa njaa ya siku zile wapo ambao wangeila wakaisifu.

Ndipo alipokuja shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke aliyeweza kugombana na mvua ikaacha kunyesha. Alikuja na furushi la ukindu alioutia rangi mwenyewe, wote, hata ujani mmoja haukusalimika.

"Tutasuka vipya," alisema. "Na havitakuwa vyeupe vyeupe vile. Biharusi hapelekewi kitu cheupe kama sanda."

"Mama alikuwa akitia rangi juu tu, shangazi."

"Mamako, Mungu amrehemu, alikuwa bahili wa rangi. Kaka, au nasema uongo?"

Baba alikoroga sufuria. Mwiko wake ulikuwa mrefu kama kasia, na siku zile alikuwa akiutazama huo tu.

Shangazi alisuka kwa kasi, na vilikuwa vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Kikapu cha kwanza kilipokamilika kilikuwa kizuri hata kuku walikipisha njia. Tukatandika jani, baba akamimina, tukafunika, tukakiweka kivulini kipoe.

Jioni ya siku ile akaja kungwi wa biharusi kutoka Wawi, bibi mmoja mfupi aliyejitanda kanga mpaka puani. Yeye ndiye aliyemwagizia baba halua, na alikuja kuuona mzigo kabla haujamwaibisha mbele ya wakwe.

"Mna msiba, nisingekuja," alisema baada ya kutupa pole. "Lakini harusi haina masikio, baba. Nionesheni."

Shangazi akamletea kikapu kwa mikono miwili. Bibi akakisifu, akakizungusha, akafunua. Akaingiza kidole, akainua donge pamoja na jani. Jani lilikuwa limepasuka kwa joto, na upande wa chini wote wa halua ulikuwa wa zambarau iliyoiva.

"Ee bibi," alisema polepole, "halua hii imepigwa na nani?"

"Rangi ya dukani hiyo," alisema shangazi. "Haiui mtu."

"Sikusema yaua. Nasema wakwe zangu watatoka harusini na ndimi kama watoto walioiba zambarau. Na hiyo rangi huko tumboni itafanya nini, wajua wewe?"

"Mie n'najua kusuka."

"Na mie najua kula. Kila mtu na elimu yake."

Shangazi alitaka kujibu, mdomo tayari ulikuwa umefunguka, lakini kungwi alikuwa ameinua macho kwenye boriti.

"Na vile?"

"Vile haviuzwi," nilisema mimi.

"Viteremshe," alisema baba.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi. Nilidhani sikusikia vyema.

"Baba, vikenda hivi tutavipata wapi vyengine?"

"Hatuvipati."

"Basi?"

"Mamako alisuka vya kutilia halua. Hakusuka pambo."

Kungwi aliishusha kanga kutoka puani. "Na alivisuka kwa harusi hii, mwanangu. Nilikuja hapa hapa, akanionesha ukindu wenyewe. Akaniambia, rangi naitia mdomoni, macho yapate kula. Tumbo naliacha jeupe, kwani tumbo halina macho. Nikacheka. Sasa mwataka nende nikawaambie nini watu wa Wawi?"

Shangazi alianza kuukusanya ukindu wake wa rangi, ujani baada ya ujani, hakumtazama mtu.

Nikapanda juu ya kinu, nikafungua kamba. Vilikuwa vyepesi kuliko nilivyofikiri, vyote pamoja havikufika uzito wa nazi. Siku ya kupika mimi nilibabua majani na kutandika, baba akamimina, shangazi akafunika. Tulifanya kazi vizuri sana. Ingelikuwa kuna mashindano tungeliwapita hata waliokuwa hawaombolezi. Kila kifuniko kikikaa nilingoja kilio kinipate, kisha nikachukua kikapu chengine. Asubuhi lilikuja gari la punda, likapakiwa, likaenda.

Harusini nilikwenda, maana baba aliniambia niende kwa niaba yake. Halua ilitolewa, watu wakaisifu, mzee mmoja akaapa kwamba amekwenda Makka akarudi na hajaonja mfano wake. Nilimwambia asubiri, ya peponi imenunuliwa kwetu. Wakacheka.

Kabla ya chakula nilizunguka nyuma ya nyumba. Vilikuwa jaani, juu ya maganda ya viazi na makumbi ya nazi. Nikakiokota kimoja. Mdomo mwekundu ulikuwa bado umekaza, tumbo limelowa samli. Nikakinusa. Kilinukia iliki na zafarani, basi. Nilisimama nacho.

Mwanamke aliyekuwa akiosha masinia akanitazama. "Watafuta nini, mwanangu? Halua imekwisha."

"Naona," nilisema.

"Kikapu chako hicho?"

"Cha harusi."

Nikakirudisha pale pale nilipokiokota, nikanawa mikono, nikaenda kukaa kwenye sinia la pilau pamoja na vijana wa Wawi. Nilikula kwa watu watatu. Waliokaa nami siku ile wananiambia mpaka leo kwamba hawajapata kucheka vile.