Mpira Uliokuwa Unatoka Nje

Kwetu Bwera mtu hupigwa. Nasema hivi bila kutia chumvi. Mwizi wa pikipiki akikamatwa sokoni, watu wa boda boda humshukia hata kabla ya kuulizana kaiba nini. Mume humpiga mke, mke humpiga mtoto, mtoto hushuka bondeni akampiga mbuzi. Mimi nilikulia katikati ya hayo, na kabla sijaingia sekondari nilikuwa nimeshamng'oa jino binti wa jirani kwa sababu alilicheka gauni langu la kanisani. Kwa hiyo asinione mtu leo nimekaa na kikombe cha chai akadhani nilikuwa malaika.

Shule yetu ilikuwa juu ya kilima, na uwanja wa mpira wa wavu ulikuwa umechimbwa kwa majembe ubavuni mwa kilima hicho. Upande mmoja kulikuwa na ukuta wa udongo. Upande wa pili hapakuwa na kitu: mteremko, migomba, matete, halafu mto Lhubiriha, na ng'ambo ya mto ni Kongo. Mpira ukitokea upande ule haukusimama. Uliruka juu ya migomba, ukagonga mawe, ukateremka hadi majini, na shule nzima ilikuwa na mpira huo mmoja tu.

Kocha wetu tulimwita Afande. Alikuwa ametoka jeshini, lakini jeshi halikuwa limemtoka. Sheria yake ilikuwa fupi: mpira haushuki. Msichana aliyekuwa karibu nao uliposhuka aliufuata mtoni mbio, na akirudi analala kifudifudi kwenye mstari, anachapwa fimbo ya mti wa kahawa wenzake wakitazama. Kama mpira ule ulikuwa unaangukia ndani au nje, hilo halikumhusu.

"Hapana angalia mustari!" alikuwa akifoka. "Mustari inakusaidia nini? Angalia mupira!"

Basi tulijifunza kuurukia kila mpira, mzuri na mbaya. Viwiko vyetu vilikuwa na makovu juu ya makovu. Mwenzetu mmoja alijirusha ukingoni akavunjika mtulinga, mfupa wa bega, lakini mpira aliushika, na Afande akampigia makofi huku yule binti anagaagaa. Siwezi kukana kwamba tulishinda. Wasichana wa Karusandara, waliozoea uwanja tambarare, walitutazama tukijitupa chini kama watu walioshikwa na pepo, wakakata tamaa mapema. Wazazi walisema Afande ndiye mwalimu. Mama yangu, aliyekuwa akiuza samaki wa chumvi sokoni, alinikanda kwa maji ya moto miguu iliyovimba kwa fimbo, akasema mchelea mwana kulia, hulia yeye. Nilimwambia basi yeye atacheka sana uzeeni. Alinizaba kofi kwa mkono uleule wa kukandia.

Rafiki yangu mmoja alikuwa Mkongomani. Alivuka mpaka na mama yake baada ya kijiji chao, upande wa Beni, kuchomwa moto, na shingoni alikuwa na kovu la panga ambalo sikuwahi kumwuliza habari zake. Uwanjani yeye ndiye aliyekuwa akiniinulia mpira ili niupige. Aliuinua vizuri mno, ukatulia juu ya wavu kana kwamba umewekwa kwenye rafu, nami kazi yangu ikawa kuruka na kuuteremsha juu ya kichwa cha mtu.

Siku moja mpira ulimponyoka mikononi, ukateremka, ukavuka mto, ukakwama kwenye mawe upande wa Kongo. Afande akamwonyesha njia kwa fimbo. Yule binti hakusogea.

"Afande, mimi nilikimbia kule na miguu yangu," akasema. "Siwezi kurudia kule juu ya mupira."

"Kwenda leta mupira!"

"Unipige tu."

Akampiga. Fimbo ilivunjika, akaagiza nyingine, na hiyo ya pili ikachana sketi. Rafiki yangu alikuwa ameuma nyasi. Niliteremka mwenyewe bila kutumwa, nikauvuka mto maji yakinifika kiunoni, nikitukana matusi yote niliyoyajua kwa Lhukonzo, lugha ya kwetu, na mengine niliyoyaokota kwa wachuuzi. Wanawake wa Kikongo waliokuwa wakifua nguo waliacha kufua.

"Mutoto, weye unagombana na nani?" mmoja akaniuliza.

Niliuchomoa mpira kwenye mawe nikarudi nao. Nilimchukia Afande siku ile chuki ambayo haijapungua hata leo.

Halafu likaja jambo la kuondoka. Nchi ilikuwa inatafuta wasichana wa chini ya miaka ishirini wa kwenda kwenye mashindano ya kimataifa, na watu waliotumwa kuchagua walitukuta tukicheza Kasese mjini. Walinichukua mimi. Rafiki yangu hakuweza kuchukuliwa, kwani alihesabiwa mkimbizi. Afande naye alichukuliwa, awe msaidizi wa kocha mkuu. Kocha huyo mkuu alikuwa mama mmoja wa Kampala, mpole, na alituahidi jambo moja: tukifika nusu fainali, timu haitavunjwa, tutabaki pamoja kambini Kampala na kusomeshwa hukohuko. Tukitolewa, kila mtu arudi kwao, kwa kocha wake. Wenzangu walisikia habari ya nusu fainali. Mimi nilisikia kwamba nikishinda sitalala kifudifudi tena mbele ya yule mtu.

"Uende upige mipira yako na yangu," rafiki yangu aliniambia tulipoagana.

Kambini yule mama aliligundua tatizo langu mara moja. Niliwahi hata mipira iliyokuwa inakwenda kwenye viti.

"Binti, mpira wa nje ni zawadi," akasema. "Wao wamekosea, pointi ni yako. Wewe ukiugusa, unawarudishia zawadi yao. Wenzako wakikuambia acha, acha."

Kichwa kilielewa siku hiyohiyo. Viwiko havikuelewa. Afande alikuwa amesimama nyuma ya yule mama amekunja mikono, maana pale ilikuwa marufuku kumgusa mchezaji.

Ukumbi wa mashindano ulikuwa na sakafu ya mbao inayong'aa, tambarare kama meza. Hapakuwa na bonde popote. Mechi ya kuingia nusu fainali tulipangiwa wasichana warefu kutoka kaskazini ya bara, waliokuwa wakipiga mpira kama watu wanaopasua kuni. Mpira wa kwanza uliovuka wavu ulimpata mwenzetu usoni, akadondoka na damu ikachuruzika hadi kwenye namba ya jezi. Waliifuta sakafu, tukaendelea. Mimi nilipopata wangu nilimtafuta yuleyule aliyepiga, nikampasua mdomo. Niseme ukweli, nilifurahi. Mmoja wao alitua upande wetu chini ya wavu, juu ya mguu wa mwenzetu, na kifundo kikalia kwa sauti ambayo hata watazamaji waliisikia. Alibebwa huku akipiga mayowe ya kumwita mama yake. Niliuangalia ule mkono wangu wa kulia, umevimba hadi kwenye kiwiko, nikauambia usinitupe.

Seti ya mwisho tulibakiza pointi moja. Moja tu, nami nabaki Kampala. Mrefu wao akaruka, akapiga kwa hasira, na mpira ukapita juu ya mikono yetu yote ukielekea nje. Ulikuwa nje kabisa, si nje ya kubishaniwa. Niliwasikia wenzangu wakipiga kelele, "Acha! Acha! Acha!" Niliwaelewa. Nilijua neno lile maana yake ni nini. Lakini mpira ulikuwa unakwenda kwenye ukingo, na nyuma ya ukingo mwili wangu uliona migomba na matete na mto, na kabla sijaamua lolote nilikuwa hewani. Niliugusa kwa ncha za vidole. Ukaruka hadi kwa watazamaji.

Refa akawapa wao pointi. Baada ya hapo tulikuwa maiti zinazosubiri kuzikwa, na hazikusubiri sana. Wenzangu walilia wamekumbatiana. Mmoja alinipiga teke la mbavu nikiwa nimejilaza sakafuni baada ya filimbi ya mwisho, nami sikumrudishia, na mimi si mtu wa kutorudisha. Yule mama alinifunika taulo. Afande aliinama kana kwamba ananifariji.

"Tutaonana Bwera," akaninong'oneza.

Tulionana. Jumatatu ya kwanza ya mazoezi alikuwa amewapanga wasichana wote mstarini, wakubwa kwa wadogo, rafiki yangu akiwa wa mwisho ameukumbatia mpira. Fimbo ilikuwa mpya, bado ina maganda ya kijani.

"Huyu hapa," Afande akawaambia. "Yeye naangusha inchi yetu nzima. Banamuambia acha, yeye nashika! Wewe, lala chini."

"Afande," nikasema, "ni wewe uliyenipiga miaka yote kwa sababu ya kuuacha."

"Lala chini!"

"Leo unipige kwa sababu ya kutouacha?"

"Mimi nasema lala chini! Wewe mutu gani hapana sikia?"

Aibu iliyoje, magoti yangu yalishaanza kujikunja yenyewe kwa mazoea. Nikageuka nimtazame rafiki yangu, nadhani nilitaka tu kuuona uso mmoja wa mtu wangu kabla sijalala. Yeye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anautazama mpira mikononi mwake. Kisha akauinua, taratibu, vilevile alivyouinua siku zote, ukapanda ukatulia.

Niliruka. Mkono ulikuwa haujapona na sikuujali. Niliupiga mpira ule wa kwangu na wa kwake na wa yule binti wa mtulinga, na ukampata Afande katikati ya uso hata hajainua fimbo. Pua ililia ka! Aliketi chini kama mtoto anayejifunza kutembea, damu ikamjaa midomoni, ikashuka kwenye suruali yake ya mazoezi yenye rangi za taifa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilimtazama nikitafuta huruma ndani yangu, sikuipata.

Mpira ulikuwa umemdunda usoni ukaelekea ukingoni. Ulisita kidogo pale kwenye nyasi, halafu ukashuka. Na mguu wangu, mguu huu mjinga, ukapiga hatua kuufuata.

"Acha," rafiki yangu akasema.

Nikasimama. Tulisikia ukigonga mawe kule chini, mara moja, mara nyingine, kisha maji.

Afande aliinuka ameziba pua kwa kiganja, damu inampenya kati ya vidole. "Mupira!" akafoka. "Wapi mupira? Kwenda leta mupira! Kwenda!" Akamwelekea wa kwanza mstarini, akamwelekea wa pili. Wadogo walikuwa wanalia kwa woga. Hata hivyo hakuna aliyenyanyua mguu. Akaitafuta fimbo yake, akaona nimeikanyaga.

 Halafu akaanza kuteremka mwenyewe, akishikilia migomba kwa mkono mmoja. Alikuwa hajui njia. Miaka yote ile hakuwa amewahi kushuka mtoni, na tulimsikia akianguka.