Mwashi Niliyemtunga

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa kutunza watu waliogeuzwa matundu. Siku hizi kazi hiyo ina jina la heshima, usimamizi wa hifadhidata, na wanaoifanya hukutana hotelini wakiwa na beji shingoni. Miaka ile ya Ujamaa tuliitwa watu wa kadi, basi. Kila mtumishi alikuwa na kadi yake ngumu, yenye urefu wa bahasha, iliyotobolewa tundu la mwaka wa kuzaliwa, tundu la wilaya, tundu la kazi, na matundu ya herufi za jina. Ukizitia kadi kwenye mashine ya kuchambua, zinakimbia kwa sauti ya mvua juu ya bati, na kila moja inaangukia kwenye kisanduku chake.

Siku moja mkuu wangu wa kazi aliniita. Watu wa kadi kutoka idara na mashirika mbalimbali wangekutana kwa semina katika ukumbi wa chuo kimoja Chang'ombe, ambacho kilikuwa na mashine za kufundishia. Mashine mpya zilikuwa haziruhusiwi tena kuingia nchini, kwa hiyo ilitakiwa tuonyeshane jinsi ya kuzitumia zile kuukuu. Mimi ningeonyesha namna ya kumpata mtu mmoja katikati ya wengi.

"Lakini kadi za ofisini hazitoki," alisema. "Hizo ni siri za serikali. Tunga watu wako."

Alisema hivyo huku akitafuta kiberiti chake, kana kwamba ameniagiza ninunue bahasha. Kijana mwingine angeandika majina yaliyomjia na kwenda zake. Mimi nilizichukua karatasi hadi kwenye chumba nilichopanga Kinondoni, na Jumapili nilipotoka kanisani nikakaa nazo dirishani. Nikitunga watu wa kwetu Kilimanjaro, si watasema nina ukabila? Nikitunga wakurugenzi wengi, si nitaonekana nina tamaa za kibepari? Nikimtunga mtu akafanana na mtu aliyepo, je? Hilo la mwisho ndilo lililonisumbua zaidi. Kwa hiyo nilichagua wilaya ambazo sikumjua mtu hata mmoja. Newala nilikuwa sijafika, na mpaka siku ile sikukumbuka kuwahi kuongea na mtu wa huko.

Tatizo langu ni kwamba siwezi kumwandika mtu kabla sijamwona. Mwalimu wa Singida nilimwona akifuta ubao kwa mkono wa shati. Mkunga wa Kigoma nilimwona akicheka peke yake. Nilipofika kwenye mwashi wa Newala nilimwona amesimama juu ya ukuta ambao haujakwisha, mwiko mkono wa kushoto, amenipa mgongo. Nikasubiri ageuke. Wengine wote walikuwa wamegeuka. Yule aliendelea kupanga tofali, polepole, bila haraka ya mtu anayelipwa kwa siku, na mimi nikawa nimekaa dirishani muda mrefu kuliko ilivyofaa, nikimngoja mtu ambaye hayupo. Mwishowe nikaandika jina lake, la baba yake na la babu yake, majina yaliyonijia bila kuyatafuta, nikaenda kwenye karatasi nyingine.

Kesho yake nilimpelekea karatasi dada aliyekuwa mtoboaji wetu, mwanamke wa Temeke ambaye vidole vyake vilikuwa vinafanya kazi hata akiwa anagombana na mtu.

"Mbona watu wako hawana watoto?" aliniuliza.

"Watoto sikuwawaza."

"Umewaumba, halafu umewanyima watoto. We kaka una roho mbaya."

Akaendelea kutoboa. Alipofika kwa mwashi alisimamisha mkono.

"Huyu yupo," alisema.

"Yupo wapi?"

"Mie nitajuaje? Hawa wengine wanasomeka kama watu wa mtihani. Huyu anasomeka kama mtu."

Nilicheka, kisha nikaenda kujiosha uso. Nilifikiria kuiondoa ile kadi. Lakini nikiiondoa ningekuwa nimekubali kwamba kuna jambo, na mimi nilikuwa bado kwenye muda wa majaribio ya kazi. Mtu wa majaribio hakubali mambo ya namna hiyo.

Ukumbi wa chuo ulikuwa na madirisha marefu na harufu ya mafuta ya mashine. Walikuwepo watu wa posta, wa maji, wa korosho, wa pamba. Zamu yangu ilipofika nilieleza habari za kadi kwa sauti iliyokuwa inakwenda mbio kuliko mimi, kisha nikawaomba wajumbe waniagize mtu yeyote, nami nitampata.

Mjumbe mmoja mnene, mtu wa utani, akanyanyua mkono. "Ndugu mtoa mada, mie najenga Mbagala. Nipatie mwashi. Asiwe mzee, na asiwe wa hapa Dar. Hawa wa Dar wananimalizia saruji."

Watu wakacheka. Nikapitisha kadi kwa tundu la kazi, nikazichukua zilizoanguka, nikazipitisha kwa tundu la mwaka, kisha la wilaya. Kila mara mvua ile ya bati ilizidi kuwa fupi. Safari ya mwisho ilianguka kadi moja tu. Nilijua ni nani kabla sijaigusa. Nikaitia kwenye mashine ya kuchapa, na mstari ulipotoka nikausoma kwa sauti: majina matatu, mwaka, Newala, mwashi.

Nyuma ya ukumbi alisimama mtu mwembamba wa makamo, karani wa kadi wa shirika moja la usafirishaji.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Ndugu mtoa mada, huyo ni kaka yangu."

"Basi mwambie kesho aje na mwiko wake," alisema yule mjumbe wa Mbagala, na ukumbi ukacheka tena. Yule mtu hakucheka. Alibaki amesimama, amekunja mikono kama mtu aliye msikitini, mpaka kicheko kikakosa pa kwenda na mwenyekiti akatangaza chai.

Alinifuata kwenye veranda. Mkuu wangu, aliyekuwa amekuja kunisikiliza, alikuwa amemtangulia, akanishika kiwiko na kuninong'oneza, "Sema umetunga. Usithubutu kusema umetoa kadi ofisini." Akaondoka na kikombe chake. Kwa hiyo yule mtu aliponifikia, maneno ya kweli yalikuwa tayari yanafanana na uongo nilioelekezwa.

"Nimemtunga, ndugu yangu. Wote nimewatunga."

"Jina la babu yetu umelitoa wapi?"

"Lilinijia tu."

Hakukasirika, na ningefurahi kama angekasirika. Alinieleza kwamba kaka yake aliondoka nyumbani kwenda Songea kujenga ghala la tumbaku, na hakurudi. Walituma watu, wakaenda wenyewe, wakaambiwa hapa alilala, pale alikula, halafu hakuna. Miaka ikapita. Mama yao, ambaye sasa alikuwa anakaa naye Tandika, alikataa katakata mwanawe asomewe khitma, kisomo cha marehemu, kwa kuwa hakuna aliyeliona kaburi.

"Kakubali mwezi huu. Sijui kimemlainisha nini. Ijumaa ndiyo shughuli, ndugu wameshatoka Lindi na Newala. Sasa wewe unanisomea jina lake mbele za watu kwamba ni mtumishi wa serikali. Mdogo wangu, nimsomee khitma mtu ambaye labda yu hai?"

"Hayumo serikalini. Hayumo popote. Ni karatasi niliyoijaza Kinondoni."

"Mkono wake je? Nao umeuandika?"

"Mkono gani?"

"Alikuwa anajenga kwa kushoto. Mafundi wenzake walikuwa hawapendi kusimama upande wake, anawagonga viwiko."

Kwenye kadi zetu hakuna tundu la mkono. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za mwiko ule, hata dada mtoboaji. Nikakuta nimeshika kikombe cha chai ambacho sikumbuki kukichukua.

Pengine uso wangu ulimjibu. Hakuuliza tena. Alisema tu, "Utanisaidia kwenda kumwambia mama. Mie peke yangu ataona nimechanganyikiwa."

Jioni, jua likiwa bado lipo, tulitembea kutoka Chang'ombe hadi Tandika. Njia nzima nilikuwa nafanya hesabu zangu za kujitesa. Labda niliwahi kuiona kadi yake halisi ofisini na jina likabaki kichwani. Lakini ndugu yake alishaniambia hakuwahi kuajiriwa na serikali. Labda nilimsikia mtu akilitaja sokoni. Na mkono wa kushoto, je, nao niliusikia sokoni? Nikimwambia mama nimemtunga, ni kweli. Nikimwambia nimemwona, nayo ni kweli. Kulikuwa na vijiti vya mihogo pembeni mwa njia na moshi wa jioni ulikuwa chini chini, kiasi kwamba watu waliokuja mbele yetu walianza kuonekana kichwa, halafu miguu.

Nyumba ilikuwa ya udongo, safi, bati lake jipya. Mama alikuwa uani anachambua mchele wa Ijumaa kwenye ungo. Wanawake waliokuwa naye walisogea kutupisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Mwanawe akamweleza yote, kwa Kimakonde kwanza, kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie kwamba hajaongeza kitu. Mama hakuacha kuchambua. Mwanawe alipomaliza, mama aliuliza bila kunitazama:

"Wewe ni mtu wa wapi, baba?"

"Wa bara, mama. Kilimanjaro."

"Newala una nani?"

"Sina mtu."

"Mwanangu uliwahi kumjua?"

"Hapana, mama. Nilimtunga. Nilikuwa nimekaa dirishani, nikafikiria mwashi. Samahani sana. Ingekuwa vizuri msiyabadili mambo yenu kwa sababu yangu."

"Ulipomfikiria alikuwaje?"

Mwanawe aliniangalia. Nilijua kwamba jibu langu ndilo lingeamua kama mchele ule ungepikwa Ijumaa au ungerudishwa guniani, na kama yule mama angeanza kusikiliza hatua za watu mlangoni upya. Nikaanza na lile nililotumaini si lake.

"Alikuwa mrefu."

Mmoja wa wanawake akashusha pumzi. "Hakuwa mrefu," alisema. "Si yeye huyo."

"Alikuwa amesimama wapi?" mama akauliza.

"Juu ya ukuta."

"Aliye juu ya ukuta ni mrefu," alisema mama. Akapembua, akapuliza makapi. "Uso wake?"

"Sikuuona. Alinipa mgongo. Nilisubiri ageuke, hakugeuka."

Hapo ndipo alipoweka ungo chini. Nilifikiri nimemwokoa, kwa kuwa mtu asiye na uso anaweza kuwa yeyote. Akaniuliza, "Mwiko alikuwa kaushika mkono gani?"

Nilikuwa najua jibu lipi lingenitoa pale salama. Nilijua pia kwamba yule mama angenitazama machoni, na hakika alishanitazama.

"Wa kushoto, mama."

Hakuna aliyelia. Kuku alipita katikati yetu, akachukua punje moja ya mchele, hakuna aliyemfukuza. Yule karani akaanza kusema, "Mama, basi tusimamishe, niwaambie watu wa Lindi kwamba..."

"Uwaambie nini?"

"Kwamba labda yu hai. Huyu kamwona."

"Mtu aliye hai haendi kukaa kichwani kwa mtu asiyemjua," alisema mama. "Aliye hai ana shughuli zake. Ana njaa, ana wake zake, ana deni dukani. Atapata wapi nafasi ya kwenda Kinondoni kumsimamia kijana wa watu dirishani? Na angekuwa hai angegeuka. Mwanangu alikuwa na adabu, hampi mtu mgongo." Akauchukua ungo. "Nilikuwa nataka aliyemwona. Nimempata. Ijumaa ipo palepale."

Nilijaribu kupinga. Nilimwambia kwamba mimi huwaza sana, kwamba hata daktari wa chuo alishaniambia, kwamba kuwaza kwangu si ushahidi wa kitu. Alinisikiliza kwa upole unaotumiwa kwa mgonjwa, kisha akaniuliza kama kazini wangenipa ruhusa Ijumaa.

"Ruhusa ya nini, mama?"

"Ya kuja. Utakaa na wanaume wa nyumba hii. Wewe ndiye uliyemwona mwisho."

Nilikwenda. Nilikuwa sijui kukaa kitako kwenye jamvi kwa muda mrefu, wala sikujua nitazame wapi wakati wengine wakisoma. Walinikalisha mkono wa kushoto wa yule karani, na hapo nikajikuta nahesabiwa miongoni mwa wafiwa, mimi Mkristo wa Kilimanjaro niliyejaza karatasi Jumapili moja. Sikuacha kuwaza. Niliwaza kwamba mpaka siku ya semina mtu yule alikuwa na nafasi ya kuwa hai, na nafasi hiyo niliifunga mimi. Niliwaza pia kwamba huenda kufungiwa huko ndiko alikokuwa anakungojea, amenipa mgongo vile.

Kisomo kilipokwisha watu wakainuka, wakapita mbele yetu kwa mstari. Kila mmoja alimshika mkono yule karani, kisha akanishika mimi, mikono migumu ya watu wa Newala ambao sikumjua hata mmoja, na kila mmoja akatupa pole. Wa kwanza nilimwachia yule karani amjibu. Baadaye nikawa najibu kama walivyokuwa wakijibu wenye msiba wao.

"Tumeshapoa," nilisema. "Tumeshapoa."