Mwalimu Breki na Vitunguu vya Krismasi

Mguu wa kulia wa Mwalimu Breki haukuwahi kumsikiliza mtu, hata mwenyewe. Maisha yake yote ya kazi alifundisha udereva, akiwa amekaa kiti cha abiria kwenye gari la shule lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na mguu ule ukajifunza kazi moja tu: kukanyaga. Alikanyaga ndani ya teksi. Alikanyaga nyumbani mbele ya televisheni, gari la kwenye filamu likikata kona. Hata kanisani, mhubiri akianza kukimbiza maneno, kiatu cha Mwalimu kilisikika kikigonga sakafu. Wanafunzi ndio waliompa jina, na lile la kwenye kitambulisho likabaki hukohuko kwenye kitambulisho.

Kusifu hakujui. Hajawahi kumwambia mwanafunzi kwamba ameiva. Siku ukiiva, unamwona tu anauinua mguu ule taratibu, anaupandisha juu ya mwenzake, anakunja nne na kutazama dirishani kama mtu anayepelekwa matembezi. Hapo unajua umemaliza. Binti yake wa pekee aliisotea nne hiyo miezi mingi, na siku alipoipata alilia hadi ikabidi asimamishe gari pembeni.

Binti huyo ndiye aliyempigia simu kumwita ng'ambo kwa Krismasi. Aliolewa huko, anaishi kwa wakwe zake, na sasa alikuwa na ujauzito mkubwa. Maneno yake yalikuwa machache.

"Baba, njoo. Lakini kuhusu magari, sitaki kusikia neno."

"Hata nikiulizwa?"

"Hata ukiulizwa. Mtoto huyu nataka azaliwe akute babu wawili wanaozungumza. Mkiharibu safari hii, sijui kama nitaweza tena kuwakalisha meza moja."

Alikuwa na sababu. Baba mkwe wake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mtaa mzima unamwita Misumari, alivuka mpaka na gari lake kwenda harusini, akawa ndiye wa kumwendesha bi harusi na baba yake. Waliposhuka, mbele ya wageni wote na mpiga picha, Mwalimu Breki akamtolea uvivu: "Mzazi mwenzangu, breki hukanyagwa kama unamgusa mtoto aliyelala. Wewe unakanyaga kama unaua nge." Watu waliangua kicheko, akacheka hata mchungaji. Misumari hakucheka. Tangu siku hiyo wazee wale walisalimiana kupitia watoto wao tu, tena kwa ufupi.

Basi Mwalimu akala kiapo kwenye simu, mkono kifuani ingawa binti hakuuona, akapanda basi. Alikaa nyuma ya dereva, na hakuna kosa kubwa zaidi ya hilo. Walipovuka mpaka, basi likahamia upande wa pili wa barabara, kwa maana huko huendesha kulia, na roho ya Mwalimu ikamtoka kabisa. Alikanyaga kikapu cha mama wa watu hadi mpini ukakatika. Kondakta akamhamisha siti ya mwisho, karibu na choo, mahali ambapo hata angetaka hakuwa na cha kuona. Lugha za abiria hazikuwa zimebadilika, Kiswahili kilikuwa kilekile, ila barabara ndiyo iliyogeuka.

Kituoni alipokewa na Misumari mwenyewe, suti imenyooka, gari linameta. Waliamkiana kwa adabu kavu. Mwalimu akachukua begi lake, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele wa kushoto, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake, akaufungua, akakaa. Usukani ulikuwa kifuani pake.

Misumari alisimama nje, funguo mkononi, akimtazama.

"Mzazi mwenzangu," alisema polepole, "tumeshaanza?"

Mwalimu Breki alishuka kimyakimya akazunguka. Njia nzima alikalia mikono na kuuzuia mguu wa kulia kwa kuukanyaga na wa kushoto. Misumari aliliendesha gari kwa kishindo, mkono mmoja, na kila baada ya muda alijitazama kwenye kioo cha kati na kusawazisha masharubu. Kioo kile kilikuwa kimeelekezwa usoni pake, barabara ya nyuma haikuonekana hata chembe. Mwalimu aliona, akameza. Walipofika kwenye maduka, Misumari aliziacha nafasi zote zilizokuwa karibu na mlango, akaenda kuegesha mwisho kabisa wa kiwanja, pua ya gari ikitazama barabara. Mwalimu akaona na hilo, akajikaza kisabuni.

Nyumba ilikuwa ya kawaida, sebule yenye makochi ya kahawia na vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na jiko ambalo mlango wake wa nyuma ulifungukia uwanja mpana. Humo, chini ya kibanda cha mabati, ndimo gari lilimolala likiwa limefunikwa turubai kama mgonjwa. Misumari na kijana wake, yaani mume wa binti, walikwenda dukani kila asubuhi na gari la mizigo, kwa sababu kila mtu alikuwa amekumbuka kupaka rangi nyumba yake wiki hiyohiyo ya sikukuu. Nyumbani alibaki binti, Mwalimu, na mke wa Misumari, mwanamke mfupi, mpole wa sura, ambaye upole wake uliishia usoni.

Siku ya kwanza tu alimfuata Mwalimu jikoni, akahakikisha binti amelala, akaufunga mlango.

"Mzazi mwenzangu, mimi leseni ninayo."

"Hongera."

"Ninayo tangu huyu kijana wangu akinyonya. Kila ikiisha nalipia nyingine. Gari sijaliendesha hata siku moja. Nikimwambia mzee wangu, ananijibu gari hili lina hila zake, linamjua yeye tu. Mjukuu anakuja. Akipata homa mchana, mzee yuko dukani, nitambeba mgongoni?"

Mwalimu Breki alitazama dari. Alikumbuka kiapo. Alimkumbuka binti yake na sauti yake kwenye simu. Halafu akakikumbuka kile kioo kilichokuwa kikitazama masharubu, na ushetani mdogo ukamtekenya.

"Mimi nimekatazwa kuzungumza habari za magari," alisema.

"Basi usizungumze. Tunaenda kununua vitunguu."

Ndivyo ilivyoanza. Jirani kulikuwa na shule iliyofungwa kwa likizo, mlinzi wake akiwa rafiki wa mama huyo tangu zamani. Kila asubuhi, gari la mizigo likishaondoka, wale wawili waliondoa turubai kwa uangalifu wa wezi, wakamwambia binti wanafuata vitunguu, wakapotelea uwanja wa shule. Mwanzoni lilizimika, likaruka, likazimika tena. Mwalimu, akiwa upande usio wake, alikanyaga sakafu hadi nyayo zikamuuma, na mkono uliotafuta breki ya mkono ukawa unashika mlango. Hata yeye alilazimika kujifunza upya. Siku mbili za mwanzo, mwalimu na mwanafunzi walikuwa sawasawa kwa woga.

Lakini mama yule alikuwa na kipaji. Hasa cha kurudi nyuma. Lango la shule lilikuwa jembamba na geti moja halikufunguka, na Mwalimu alitaka watoke kwa kinyumenyume tu, naye mama alilipitisha gari pale kama anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano.

"Unajua kwa nini hanifundishi?" aliuliza siku moja, amegeuza shingo, macho kwenye kioo cha nyuma. "Mzee wangu hajui kurudi nyuma. Hajawahi kujua. Hukuona anavyoegesha?"

Mwalimu Breki alicheka hadi akakohoa, akateremsha dirisha apate hewa. Akaiweka siri ile chini ya ulimi kama peremende. Wakati wa chakula cha jioni hiyo, Misumari alipoanza kueleza jinsi alivyovuka mlima mzima kwenye mvua, Mwalimu alitikisa kichwa kwa heshima kubwa na kuuliza kama njiani hakupata mahali pa kugeuza. Mama akabanwa na kikohozi. Binti akamtupia baba yake jicho.

Vitunguu navyo vilijaa. Vilianza kikapuni, vikaingia kwenye ndoo, vikafika uvunguni mwa meza.

"Baba," binti alisema, akiwa amesimama mlangoni mkono kiunoni, "tunafungua genge la vitunguu?"

"Krismasi ina watu wengi, mwanangu."

"Tuko watano." Alivitazama vitunguu, akamtazama mama mkwe wake, ambaye ghafla alipata shughuli kabatini. "Sitaki kujua. Ila nakumbusha tu, nina miezi minane na sina nguvu za kuamua ugomvi."

Maneno hayo yalimchoma Mwalimu kuliko alivyoonyesha. Alitaka kuacha. Lakini mwanafunzi alikuwa amebakiza kidogo tu aive, na mwalimu wa kweli haachi chungu jikoni maji yakianza kuchemka. Wakaenda mara moja ya mwisho. Waliporudi walisogeza kiti nyuma, wakafuta vumbi, wakarudisha turubai kona kwa kona. Walijipongeza kwa njama safi.

Asubuhi ya Krismasi wote walivaa vizuri, wakatoka kwenda kanisani. Misumari aliketi kwenye usukani, akainua uso kwenye kioo cha kati ili kukaza tai yake.

Kwenye kioo aliona uwanja wa nyuma, ndoo ya vitunguu mlangoni pa jiko, na paka wa jirani.

Mwalimu Breki alikitazama kioo, akaelewa. Miaka yote alikuwa amemwambia kila mwanafunzi, kabla ya kugusa funguo, aanze na kioo. Yeye mwenyewe alikuwa amekielekeza kila asubuhi, na kukirudisha kwenye masharubu hakukumbuka, kwa sababu mkono wake haukujua kukielekeza vibaya.

"Nani ameshika kioo changu?"

Binti alifumba macho. Mwalimu akafungua mdomo ajitwike kosa, lakini mama akamtangulia.

"Mimi. Nilikuwa naendesha."

"Unaendesha nini?"

"Hili hapa. Na si leo tu. Sasa ama tukae hapa tugombane ibada ianze, ama unipe funguo uone."

Misumari alimgeukia Mwalimu aliyekuwa kiti cha nyuma. Masharubu yalitetemeka. Alikuwa ameelewa yote, hadi vitunguu. Kisha akashuka, akazunguka, akakaa kiti cha abiria, akafunga mkanda na kushika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili, kwa sura ya mtu anayetaka aje awe shahidi.

Mama alisogeza kiti, akaondoa gari. Kwenye kona ya kwanza, kiatu cha Misumari kiligonga sakafu. Kwenye ya pili kikagonga tena, kwa nguvu. Binti alisikia mlio ule, akaufahamu mara moja, akadhani ni baba yake. Akageuka. Kule upande wa pili wa kiti, baba yake alikuwa anatazama dirishani kwa utulivu, mguu wa kulia uko juu ya wa kushoto, goti linamchoma ubavuni mkwewe aliyebanwa katikati. Amekunja nne. Binti akaziba mdomo kwa mkono, ugomvi wote aliokuwa ameuandaa ukamtoka.

Kanisani palikuwa pamejaa. Walikuwa wamechelewa, na nafasi za mwisho wa kiwanja, zile za Misumari, zilikwisha kuchukuliwa. Ilibaki moja, katikati ya magari mawili makubwa, ya kuingia kwa kinyumenyume tu. Mama alitazama kioo, akageuza shingo, akaliingiza kwa mkupuo mmoja, akazima injini. Wanaume wawili waliosimama mlangoni mwa kanisa walitingisha vichwa kwa kukubali.

Misumari hakushuka. Aligeuka polepole kumtazama Mwalimu Breki, shingo imekakamaa, akisubiri. Alijua kinachokuja. Alikuwa amekisubiri tangu harusini.

Na Mwalimu alikuwa nacho, Mungu anamwona. Sentensi nzima ilikuwa tayari ulimini, fupi, kali, ingechekesha kiwanja kizima. Aliionja mara ya mwisho. Akaona uso wa binti yake. Akaimeza.

"Mzazi mwenzangu," alisema, "siku ile ya harusi ulikuwa ng'ambo, barabara imegeuka, usukani uko upande tofauti na wa magari mengine yote, na umembeba mwanangu. Ukamfikisha salama. Mimi huku kwenu mlango tu wa gari umenishinda. Nilikukosea."

Kengele ya kanisa ililia. Masharubu ya Misumari yakalegea upande mmoja.

"Kama ninaua nge," alisema.

"Nilizidisha. Labda mende."

Ndipo Misumari alipocheka, kicheko cha kukwaruza kama mlango uliokaa miaka bila mafuta, na mama akawafukuza wote garini waingie kanisani.

Alasiri, wakiwa wameshiba, binti aliwatafuta wazee wake wawili asiwaone. Akasikia injini. Alipofungua mlango wa jikoni alikuta vitunguu vyote vimepangwa uwanjani kwa mistari miwili, na gari katikati likirudi nyuma kidogokidogo, likisita, likipinda. Misumari alikuwa kwenye usukani ametoa koti, jasho linamtiririka. Pembeni yake, baba yake alikuwa amekanyaga sakafu kwa miguu yote miwili.

Kitunguu kikasagika chini ya tairi.

"Mbona hukunji nne?" Misumari alilalamika.

"Acha kwanza kuua vitunguu. Haya, mbele, tuanze upya. Kioo."

Binti aliegemea mlango, akaweka mkono tumboni.

"Babu zako hao," aliliambia tumbo. "Na wote wawili hawaambiliki."