Oili ya Gari Ndani ya Pikipiki

Baba mkwe wangu aliendesha malori Barabara ya Mombasa mpaka mvi zikamshika, kwa hivyo huku Mbooni hakuna mtu wa kumwambia kitu kuhusu injini. Mimi ndiyo kabisa. Kwetu mke wa mwana hasimami mbele ya baba mkwe akamwambia amekosea. Hiyo ni nthoni, heshima ya wakwe, na inafunga mdomo kushinda kufuli.

Pikipiki ni yake. Mume wangu anaiendesha tu, anabeba watu, na kila Jumanne alikuwa ananipeleka mimi na mtoto hospitalini. Mtoto wetu alizaliwa na mguu mmoja umepinda ndani. Kule wanaunyoosha kidogo, wanaufunga plasta, wiki inayofuata wanaikata na kuunyoosha tena. Walinionya mapema: mama, ukikosa kuja, mguu unarudi ulikotoka. Tulikuwa karibu kumaliza. Unyayo wake ulikuwa umeanza kutazama chini kama wa mtoto yeyote.

Basi oili ikafika wakati wa kubadilishwa. Mume wangu alitaka semi-sinthetiki ya pikipiki, ile wanayotia waendesha bodaboda wote pale stejini. Mzee akatoka Kibwezi na galoni ya sinthetiki kamili, inang'aa, ina picha ya gari dogo la matajiri.

"Semi ni nusu," akamwambia mume wangu. "Wewe ukipewa nusu sahani unashiba?"

Sinthetiki si mbaya, hata ya pikipiki ipo. Lakini hii iliandikwa wazi kwamba ni ya magari, na mimi kidato cha nne nilimaliza, kusoma najua. Klachi ya gari inakaa mahali pakavu. Ya pikipiki hii inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na ukiitilia oili laini ya gari inateleza. Makanika wa stejini anaimba hivyo kila siku. Mume wangu pia alijua. Alikuwa amechuchumaa hapo na spana mkononi, kimya, kama mtoto wa nasari.

Nikafanya vile wake wa kwetu hufanya. Nikamgeukia mtoto mgongoni, nikaongea naye kwa sauti ya kufika barazani alikokaa mzee.

"Baba, unaona hii galoni? Hii ni ya gari. Pikipiki ikinywa hii itakataa mlima, na wewe una kliniki Jumanne."

Mzee hakunitazama. Akamwambia mama mkwe, ambaye alikuwa anapepeta maharagwe katikati yetu, "Mwambie mwalimu wa oili sufuria yake inaungua."

"Umesikia, mwiitu wakwa," mama mkwe akasema, yaani binti yangu, kwa upole wa kutia hasira. "Wacha wanaume na chuma yao."

"Mwaitu," nikamwambia, yaani mama, "si chuma, ni mguu wa mtoto!"

"Nimesikia. Geuza chakula."

Sufuria haikuwa inaungua. Nilienda nikakigeuza chakula hivyo hivyo.

Jikoni baadaye nikamuuliza mume wangu mbona hakusema kitu. "Ni baba," akajibu. "Nimpige?"

Siku za kwanza pikipiki ilienda vizuri kwenye tambarare, na mzee akatembea boma lote akicheka peke yake. Jumanne tukateremka mpaka mtoni bila shida. Ng'ambo, pale njia inaposimama kama ngazi, injini ikaanza kupiga kelele na gurudumu likawa halisikii. Mume wangu akaongeza moto, kelele ikaongezeka, sisi tuko pale pale. Kisha harufu ya kuungua. Ilikuwa siku ya soko, bodaboda zote zimejaa. Mmoja akatupita na mama na gunia la maembe.

"Hiyo inanguruma kama lori na inatembea kama mjamzito!" akatupigia kelele. "Mshuke muisukume, inataka kubebwa!"

Nilishuka. Nikapanda ule mlima na mtoto na plasta yake, jua kichwani, nikiwatukana wanaume wa ukoo huo mmoja mmoja, moyoni, kwa sababu hata hasira yangu ina nthoni. Nilipofika mlango wa chumba cha plasta ulikuwa umefungwa. Anayefunga plasta huja siku hiyo moja tu, na alikuwa ameshaondoka.

Nyumbani mzee akamwambia mama mkwe, nikisikia, "Mwambie mwalimu wa oili apunguze mizigo anayobeba." Kisha akaongeza ile ile oili. Kufikia Ijumaa klachi ilikuwa imeungua kabisa, na alisema ni mambo ya vitu vya siku hizi.

Jumanne iliyofuata nilienda kwa miguu mwanzo mpaka mwisho. Plasta ilikuwa imelegea, vidole vimezama ndani. Daktari alipoikata aliushika mguu, akaugeuza huku na huku.

"Mama, mguu umerudi. Wiki jana ulikuwa wapi?"

Nianzie wapi? Kwa galoni? Kwa mama mkwe na maharagwe yake?

"Nilikosa usafiri," nikasema.

"Wote mnasema hivyo. Basi tunaanza upya. Mshike magoti."

Nikamshika. Akaanza kuunyoosha, na mtoto akalia akinitazama mimi.