Uzi Mwekundu kwenye Kamba ya Buluu

Fundi Kamba hakuwahi kuajiriwa na mtu. Alikuja bandani kwetu na kigoda chake, akakaa mlangoni, akasuka. Marehemu mume wangu ndiye aliyemkaribisha, tulipoanza kukodisha boti kwa wanaopenda kusimama juu ya ubao wakivutwa ziwani. Alichagua kamba ya kuwavutia, akaifunga mpini wa kushikilia. Aliyoiridhia aliizungushia uzi mwekundu karibu na mpini, mizunguko saba iliyobana. Wateja walizoea kuutafuta uzi huo kabla ya kuingia majini.

Alichagua kamba kama mtu anayechagua mkwe. Alikupa ncha moja, akaenda na nyingine hadi ukutani, akavuta. Ikirefuka, aliitupa pembeni. Kisha aliitia kwenye pipa la maji aone kama inaelea. Anayejifunza alipewa fupi, mzoefu ndefu, hata mteja angekuwa nani.

Mwaka jana nilipaka boti upya rangi ya buluu, jina la mume wangu ubavuni kwa herufi nyeupe. Nikanunua na kamba ya nailoni, buluu ile ile. Fundi aliivuta mara moja tu.

“Hii ni ya kufungia boti gatini, mama. Inavutika kama hadithi za shemeji yako. Mtu akiiachia, inarudi kwenye boti na hasira zake zote.”

Shemeji yangu, ambaye ndiye nahodha wetu, alicheka. Mimi sikucheka.

“Nimesoma, fundi. Kamba hii inaweza kuvuta lori.”

“Lori haliachii mpini,” akajibu, akaenda kunywa chai. Kamba ilibaki bila uzi.

Jumamosi hiyo alikuwa anakuja daktari wa meno na mkewe, watu ambao nilitaka watuone tumependeza. Fundi alikuwa kwa jirani. Nikaifunga mpini ile kamba ya buluu, nikatoa sindano mkobani, nikaishona uzi mwekundu kwa mshono wa msalaba, kama tulivyofundishwa shuleni kupamba vitambaa.

Daktari alisimama juu ya ubao, akayumba, akaachia. Kamba ilirudi kama mjeledi, na mpini ukampiga mkewe mdomoni, pale alipokaa nyuma ya boti. Jino la mbele lilitoka.

“Nani aliipitisha kamba hii?” daktari aliuliza walipofika gatini, amemshika mkewe kidevu.

Shemeji alinitazama. Mimi nilitazama zile herufi nyeupe.

“Ina uzi mwekundu,” nikasema. Sikutaja jina la mtu. Sikuhitaji.

Fundi aliitwa. Aliigeuza kamba, akapitisha kidole juu ya mshono wangu, taratibu, mpaka mwisho. Akamwambia mke wa daktari, “Pole sana, mama.” Kisha akachukua kigoda chake akaondoka.

Wiki ile wenye boti wote waliacha kumpa kazi. Nilimwona sokoni akiuza kamba za kuanikia nguo. Tulisalimiana, nami nikajifanya nina haraka.

“Jina la kaka limesalimika, shemeji,” nahodha aliniambia jioni moja, macho yakiwa chini.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa mke wa daktari. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama mlangoni, wala hakunikaribisha ndani. Kutoka hapo nikaenda kwenye kikao cha wenye boti, nikaiweka kamba mezani.

“Huu ni mshono wa kitambaa,” nikawaambia. “Ni wangu. Fundi aliikataa kamba hii mbele yangu.”

Mmoja wao aliusogeza mwavuli wake nipate njia ya kutoka.

Fundi nilimkuta nyumbani kwake.

“Uliujua mshono wangu. Mbona ulinyamaza?”

“Marehemu alinipa mlango wa kukaa,” akasema, akiendelea kusuka. “Ningeanzaje kumuumbua mkewe mbele ya wageni?” Baadaye akaongeza, “Na ulishona vizuri, mama. Kamba tu ndiyo uliikosea.”

Wenye boti walimrudia. Kwetu hajarudi, kigoda chake kiko mlangoni kwa jirani. Tunampelekea kamba zetu na kupanga foleni kama wengine. Anapozungusha uzi mwekundu, mimi hutazama pembeni.