Tulipofiwa na Bwana wa Kiingereza

Vita vilipokwisha nilikuwa fundi mitambo wa redio ndogo pale Rumonge, na nilikuwa na mdomo. Mwalimu mmoja, mama aliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania, alipoleta tamthilia ya Kiingereza ya kale aliyoitafsiri mwenyewe, nilimwambia Waingereza waliokwisha kuoza hawatatupatia hata ndagala, wale dagaa wa ziwani. Alicheka tu, akakaa mbele ya mikrofoni, akawa anaisoma kila Jumapili.

Shida yake tuliijua sote. Shamba la michikichi la marehemu baba yake, kule Gatete, lilikuwa mikononi mwa mzee mmoja aliyebaki nchini wengine walipokimbia. Mwalimu alikuwa amemwendea mara nne kulidai, na mzee hakuwahi kumkaribisha ndani.

Katika tamthilia, bwana mmoja anakufa, na mwanawe anarudi kutoka uhamishoni na kumkuta amu yake amekalia ardhi. Mwalimu hakuhangaika na historia ya Uingereza. Aliwatambulisha wale watu kama tunavyotambulishana kwenye posa: huyu mtoto wa nani, kwao ni mlima gani, nani kaoa wapi. Nilijikuta nasikiliza, mimi niliyezoea kuangalia mishale ya mitambo tu. Bwana yule alipokufa, Jumapili ya pili, mwalimu alikisoma kifo chake kama komunike zetu za vifo: familia inawatangazia ndugu, marafiki na majirani, popote walipo.

Jumatatu asubuhi wakaja redioni wanawake watatu kutoka Kigwena na kapu la mihogo. Nyuma yao alikuwa yule mzee wa Gatete.

"Wafiwa iko wapi?" aliuliza.

Niliangua kicheko, na aibu yake ninayo mpaka leo. Mwalimu hakucheka. Aliwaketisha, akapokea pole za kila mmoja kwa mikono miwili, hata za mzee, akishukuru, "murakoze, murakoze." Kisha akawaeleza taratibu kwamba marehemu alikuwa wa mchezo. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee alibaki ameinama.

"Na uyo mutoto mwenye alirudi," akasema, "shamba ya baba yake atapata?"

"Jumapili utasikia, mzee wangu."

Walipoondoka nilimsihi mwalimu abadilishe mwisho, kwa kuwa katika daftari lake kijana anafia nje ya lango la baba yake. Nani angejua?

"Mimi nadai shamba kwa karatasi ya baba," alinijibu. "Nikichezea karatasi ya mtu mwingine, nitadai kwa uso gani?"

Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu siku ile, ingawa nilimwona mjinga.

Jumapili mzee alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi ya korido, chini ya spika. Mwalimu alisoma mpaka neno la mwisho. Kijana akafa, amu akabaki na ardhi. Nilizima mikrofoni nikiwa na hasira na Waingereza wote.

Mzee akasimama mlangoni.

"Sasa ule amu atalala namna gani?"

Akamgeukia mwalimu.

"Kesho kuja Gatete," akasema. "Kuja na watu wa kupima shamba."