Nilifutisha sauti ya marehemu mume wangu kwa kuwa folda ilionekana nyepesi

Wakuu, nawasalimu. Ninyi wadogo, marahaba, nimeitikia kabla hamjaniamkia.

Mimi ni bibi wa huku Gitting, Hanang. Shule niliishia darasa la tatu. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, na haya yametokea nyumbani kwangu. Kudanganya sijaanza uzeeni.

Mzee wangu alifariki mwaka jana. Kabla hajaugua, mwanangu Emanueli alimrekodi kwa simu akisimulia, kwa Kiiraqw chetu, jinsi baba yake alivyohama Mbulu na ng'ombe wanne tu mpaka huku. Akaweka kwenye flash, akanipa. Simu ile baadaye iliharibika, ikabaki flash tu.

"Mama, sauti ya Baba iko humu. Tunza."

Nikatunza kwenye kopo la majani ya chai. Sikuisikiliza hata mara moja. Nilisema tutaisikiliza wote siku ya kuweka msalaba kaburini.

Juzi mjukuu wangu Paskalina akaja likizo, anasoma kompyuta chuoni. Nikampa flash aniwekee na video ya kwaya yetu. Akasema imejaa, kwaya inakosa nafasi kidogo tu, nichague cha kufuta.

Sasa huyu ana programu aliyoiandika mwenyewe kwa lugha inaitwa C. Kanieleza baadaye: opendir inafungua mlango, readdir inasoma majina ya vilivyomo moja moja, stat inasema hiki ni faili au ni folda, na size yake, yaani ukubwa.

Vikatoka kwenye kioo mstari kwa mstari. Maneno ya Kizungu yananishinda, namba hazinishindi. Vyote vilikuwa na namba ndefu. Kimoja tu, "New folder", kilikuwa na 4096.

Wakuu, stoo ya maharage nimeishika tangu nilipoolewa. Gunia nalijua kwa kulinyanyua. Likiwa jepesi, wadudu wameshamaliza, natupa bila kufungua.

"Futa hilo jepesi."

"Bibi, hiyo ni folda. Hiyo size ni ya folda yenyewe, vya ndani programu yangu haijavihesabu. Ngoja niifungue kwanza."

"Wewe stoo yako iko wapi?"

Akacheka. "Sina, Bibi."

"Basi futa."

Akafuta. Hapa kwangu mtoto habishani na mkubwa, na ni mimi niliyewafundisha hivyo. Kwa fimbo.

Akaingiza kwaya. Halafu nikaona anakodolea kioo.

"Bibi, kwaya imeingia yote na bado imebaki nafasi kubwa sana."

Gunia tupu ukilitoa stoo haibaki na nafasi kubwa.

Nikamwambia aicheze ile yenye namba ndefu kuliko zote, maana moyoni nilishaamua ile ndiyo ya mzee. Alikuwa mtu mzito, hata kuongea kwake. Ikawa harusi ya binti wa jirani.

Tukafungua zote. Hayumo. Alikuwa ndani ya lile folda jepesi.

Tukapanda gari mpaka Dongobesh kwa fundi tuliyeelekezwa. Akahangaika mpaka mchana. Akasema kwaya imekalia palepale sauti ilipokuwa, tungekuja kabla ya kuiingiza angeirudisha.

Alipata kipande kimoja. Mzee anakohoa, kisha anauliza, "Emanueli, imewaka?"

Basi. Hapo inakatika.

Paskalina ameshairekebisha programu yake. Ikikuta folda inaingia mpaka ndani, inajumlisha vyote, ndipo inatoa namba. Kanionyesha, nikasema ni vizuri, nikatoka nje.

Nilichojifunza ni hiki, na nakisema kwa wazee wenzangu. Mtoto akikuambia ngoja nifungue, mwache afungue. Ingechukua muda wa kumenya kiazi kimoja.

Msalaba ni mwezi ujao. Watoto wanatoka mbali, kila mmoja anajua atamsikia baba yake. Emanueli bado sijamwambia.

Paskalina anataka aseme ni yeye aliyekosea. Nimemkatalia. Kidole kilikuwa chake, amri ilikuwa yangu. Nitasimama mbele yao niseme, halafu niwachezee hicho kipande.

Mwenye njia nyingine ya kuirudisha aniambie. Mwenye kunilaumu naye aseme, sikimbii. Nasoma polepole lakini nitasoma zote.